Koo la Mtu wa Saba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeshinda. Yaani, nitashinda. Tofauti ni ndogo.

Asubuhi Profesa alitukusanya mbele ya mitambo akatangaza kwamba wageni wa hospitali watakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Watachagua koo moja. Mtafiti mwenye koo hilo atabaki chuoni kuongoza mradi. Mwingine atamaliza shahada yake aende zake salama. Neno "salama" alilitamka huku ananiangalia mimi. Sikulipenda.

Kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mashuhuri: kikundi chetu kiko idara ya uhandisi wa kemia, ghorofa ya chini, mwisho wa korido, na tunatengeneza makoo. Mtu hupigwa picha za koo hospitalini. Tunachapa umbo lake kwa plastiki, tunamwagia silikoni, na tukishabandua tunapata koo laini, lowevu, jekundu kidogo, lenye nyuzi za sauti na kila kitu. Ndani tunapaka ute bandia. Pampu inasukuma hewa. Koo linakohoa. Sisi tunapima makohozi yamepanda kiasi gani, ili siku moja wagonjwa wasio na nguvu ya kukohoa wasaidiwe. Idara nyingine zinatuita Kikundi cha Makohozi. Wivu tu.

Wenye makoo hawana majina, wana namba. Mpinzani wangu alipewa Mtu wa Nne, koo lililonyooka kama bomba jipya. Mimi nikapewa Mtu wa Saba. Mtu wa Saba koo lake lina kona! Ute ukifika hapo unakaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Nilimlalamikia Profesa. Akasema wagonjwa wengi wako hivyo hivyo, na ndio hao tunaohangaikia.

Mpinzani wangu tunamwita Dada Kipimo kwa sababu hupima kila kitu mara tatu, hata maji ya kunywa. Nikikosea husema "pole." Hakuna kinachonikera duniani kama hiyo pole yake.

Sasa mpango. Mwaka jana nilipigwa picha za koo kwa sababu ya kukoroma. Picha ninazo. Nimezifungua leo mchana. Koo zuri ajabu! Pana, limenyooka, la kiungwana. Ipo sheria moja ambayo Profesa ameibandika ukutani: mtafiti hajipimi mwenyewe. Nimeisoma tena kwa makini. Haisemi lolote kuhusu kubadilisha picha. Nikafuta za Mtu wa Saba, nikaweka zangu kwa jina lake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumanne, 4 Machi

Mafua mabaya. Nimekohoa tangu asubuhi. Dada Kipimo kaniletea maji ya moto. Pole, pole, pole.

Koo limetoka kwenye umbo bila hata tundu moja. Nimelifunga kwenye mtambo wangu, pembeni kule, nyuma ya ubao wa kukingia mwanga, chini ya simu ya ukutani. Lilivyokaa pale midomo wazi nilihisi aibu kidogo, kana kwamba nimejikuta bafuni bila nguo. Ikapita.

Ute ndio ulinishinda. Dada Kipimo hupika wake kwa gundi, chumvi na subira. Wangu umetoka mwepesi, unachuruzika. Na mimi hapa kifua kimejaa mali safi! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama juu ya bika ya kuchanganyia ute, nikakohoa kwa moyo wote, nikakoroga. Uzito sawasawa! Fundi, yule anayetunza pampu zetu, alisimama mlangoni akauliza kama nimetema mate kwenye bika. Nikamwambia ni mbinu mpya. Akasema ya wasomi ni mengi, akaendelea kufuta meza.

Alhamisi, 6 Machi

Limekohoa! Mara tatu, ya mwisho ikiwa na mluzi mwembamba.

Hicho ni kikohozi changu. Mama yangu angekitambua sokoni. Dada Kipimo, akiwa amegeukia dirishani, akasema "pole" bila kugeuka. Aliiambia mashine. Fundi akacheka mpaka akashika meza.

Ute umepanda wote, hadi juu. Profesa alitazama namba, akavua miwani, akavaa tena, akauliza kona ya Mtu wa Saba nimeifanyaje. Nikasema nimeielewa kwa undani. Akasema vizuri. Vizuri! Miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kuambiwa hivyo na mama huyu.

Na la ajabu: tangu koo likohoe, mimi sijakohoa tena. Kifua kikavu, cheupe. Nimepona bila kidonge hata kimoja.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi kasimulia kisa cha mjomba wake na jenereta. Wote tukacheka. Mimi nikacheka vilevile, mdomo wazi, mabega juu. Haikutoka sauti.

Sauti ilitoka nyuma ya ubao. Kicheko changu kamili, na ule mkwaruzo wa mwishoni ambao nilidhani hakuna anayeusikia. Wote wakageukia ubao. Profesa akanitaka nizime simu yangu ninapokuwa maabara. Nikaitikia kwa kichwa. 

Nilikwenda kuangalia pampu. Hewa ilikuwa kidogo tu, ya majaribio. Hewa hupita kwenye nyuzi, nyuzi hutikisika, hutoka mlio. Ni elimu ya mwaka wa kwanza. Nililiangalia koo kwa muda. Lilimeza.

Jumapili, 9 Machi

Mama kanipigia. Macho yake yamezidi ukungu, sasa watu anawajua kwa sauti na kwa mikono. Nilikuwa nimemwahidi kumpeleka kwa daktari wa macho, na nimeahirisha tena na tena. Si kosa langu, kazi nyingi. Leo nikaahirisha tena. Akauliza mbona sauti yangu iko mbali, kama niko ndani ya debe. Nikasema ni mtandao. Akasema basi, mwanangu, ukipata nafasi.

Sauti yangu kweli ni nyembamba. Nimekunywa maji ya chumvi, hayajasaidia kitu.

Jumatatu, 10 Machi

Nanong'ona. Dada Kipimo kaniuliza kama nimemwona daktari. Kwa nini anijali? Anachunguza udhaifu wangu, huyo.

Mchana wenzangu walikwenda kula. Nikabaki kupima. Nikazima pampu nisafishe mrija. Mshale wa hewa ukashuka mpaka sifuri, na nilikuwa nautazama kwa macho yangu mawili. Ndipo koo likavuta pumzi.

Lilivuta taratibu, kama mtu anayejiandaa kusema jambo alilolifikiria siku nyingi. Kisha likasema, "Hujambo?"

Kwa sauti yangu. Lakini kwa upole! Mimi sijawahi kumwuliza mtu "hujambo" nikataka jibu.  Nikanong'ona kwamba sijambo, maana ndivyo nilivyolelewa, halafu nikatoka nikaketi chooni mpaka niliposikia watu wamerudi, kisha nikaenda zangu nyumbani.

Nimewaza sana. Nikimwambia Profesa, atauliza nimelitoa wapi koo hili. Kwa hiyo sitamwambia. Hata hivyo koo linalosema bila pampu ni mafanikio ambayo Mtu wa Nne hatayafikia hata apimwe mara thelathini.

Jumanne, 11 Machi

Mama kapiga tena, asubuhi, kunishukuru. Eti kwa jana.

Anasema nilimpigia jana alasiri tukaongea mpaka sikio likapata moto. Nilimwamkia vizuri, nikamwuliza jicho lipi linamsumbua zaidi, nikamwuliza anapikaje, ni nani anamsomea ujumbe. Nikamwomba radhi kwa kumsahau. Akalia kidogo, anasema, lakini kwa furaha. Nikataka kusema si mimi. Ilitoka pumzi tu. Akasema nisijichoshe, jana nilishasema mengi na mazuri.

Nikaenda mbio maabara. Mkono wa simu ya ukutani ulikuwa unaning'inia kwa waya wake, kipaza cha kusemea kimeelekezwa kooni, na kimelowa. Nikamnong'oneza Fundi. Akasema mwenyewe nilimwita kutoka nyuma ya ubao, nikamtajia namba, nikamwambia anishushie mkono wa simu kwa juu ya ubao, asizunguke, kwa sababu mikono yangu ina ute. Hakuona ajabu. Alisema jana nilikuwa na adabu kuliko siku zote, nilimwambia ahsante.

Nimekaa nikajikuta na wivu. Na koo langu mwenyewe! Halafu nikaona upande wa pili. Mama amefurahi, na mimi sikupoteza hata alasiri moja. Mambo yakijipanga yenyewe, mtu mwenye akili hayavurugi.

Jumatano, 12 Machi

Bubu. Hata mnong'ono umekwisha.

Dada Kipimo alifunga mlango, akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Akasema amejua tangu Alhamisi. Kona haipo. Alinganisha na picha za zamani ambazo alizihifadhi, maana kila kitu hukihifadhi mara tatu. Hili si koo la Mtu wa Saba, na kikohozi kile alikuwa anakijua. Sikuweza kukana. Ningekana vizuri sana ningekuwa na sauti.

Akachukua kitambaa safi, akaingiza kidole kwenye koo, akafuta ute kidogo. Koo likatoa mlio wa kuumia. Na mimi, palepale, nikasema, "A."

A tu, yenye kutu, lakini yangu. Machozi yakanitoka, sitaficha. Akafuta tena. Nikasema, "Maji." Akasema tukilifuta lote leo, nitarudi kama nilivyokuwa. Tulioshe, turudishe Mtu wa Saba mahali pake, twende wote kwa Profesa. Akasema, "Nitasimama na wewe. Atakasirika, lakini hatakufukuza. Kona ile tutaitatua pamoja."

Mtu mwingine angelainika. Mimi nilifikiri haraka. Koo likioshwa, keshokutwa nitawaonyesha wageni kitu gani? Kona? Na nani atabaki na koo lililonyooka? Nikachukua chaki nikaandika kwenye ubao wa ukutani: UNATAKA NAFASI YANGU. Akasoma. Mara moja tu, hakurudia. Akasema pole, akatoka.

Nilibaki na koo. Bika bado ina ute. Nikachukua brashi, nikalipaka upya, vizuri, mpaka kwenye nyuzi. Nikaisikia sauti inanitoka kama maji yanavyoshuka kwenye sinki. Neno langu la mwisho lilikuwa "Ijumaa." Lilianzia kwangu likamalizikia kwenye mtambo.

Koo likasema, "Ahsante."

Ijumaa, 14 Machi

Ushindi! Naandika upesi.

Wageni walikaa mstari wa mbele, madaktari wenye makoti. Dada Kipimo alieleza Mtu wa Nne. Sawasawa, sahihi, anataja hata makosa yake. Nani humshinda mtu kwa kutaja makosa yake? Zamu yangu ikafika. Nikasimama kando ya projekta, ubao wa kukingia mwanga nyuma yangu, koo nyuma ya ubao. Nilipanga kuonyesha michoro na kuchezesha midomo. Nikafumbua mdomo, na koo likaanza.

Ningependa kusema niliongea vizuri. Liliongea vizuri. Lilieleza ute, hewa, nyuzi, hofu ya mgonjwa anayesikia kifua kimejaa asiweze kukitoa. Daktari mmoja alifuta macho. Likamshukuru Fundi. Likamshukuru Dada Kipimo, ambaye alikuwa ameinama. Kisha likasema, wazi kabisa, "Hili si koo la Mtu wa Saba. Ni koo langu mimi."

 Wageni wakapiga makofi! Walidhani ni namna ya kusema, kwamba mtafiti ameipenda kazi mpaka imekuwa mwili wake. Profesa peke yake hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama midomo yangu, ambayo nilikuwa nimesahau kuichezesha.

Ndipo mlango ukafunguliwa, mlinzi akaingia amemshika mkono mama yangu.

Alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Alikuwa amepanda basi tangu alfajiri, peke yake, na macho yale. Alimwambia mlinzi kwamba mwanawe alimwalika kwa simu. Sikumwalika. Nilisimama mahali ambapo ningeweza kumgusa. Koo likasema nyuma ya ubao, "Shikamoo, Mama. Umefika."

"Marahaba, mwanangu," akasema, na akanipita.

Alinipita karibu mno, hata kitenge chake kikanigusa goti. Nilifungua mdomo. Nilifungua kwa nguvu zangu zote, mpaka shingo ikauma. Hakuna kitu kilichotoka. Ningeweza kumshika. Lakini wageni walikuwa wanaangalia, na mkono wangu mmoja ulikuwa na fimbo ya kuonyeshea michoro, na niliona kwamba fujo yoyote sasa ingeharibu kila kitu. Akauzunguka ubao kwa kupapasa. Sote tukamsikia.

"Mbona umelowa hivi, baba?"

"Ni jasho, Mama. Kazi nyingi."

"Na umekonda. Mabega yako wapi?"

"Nipo, Mama. Kaa hapa karibu yangu."

 Fundi aliweka kitambaa chini. Daktari mmoja alicheka kidogo kisha akaacha. Dada Kipimo alinijia akasimama mbele yangu, akanitazama moja kwa moja, akasema taratibu ili nisikie mimi tu, "Nenda umshike mkono. Sasa hivi. Bado anaijua mikono yako."

Nilikuwa karibu kwenda. Nasema kweli. Nilipiga hatua. Kisha mkuu wa wageni akainuka, akaniambia hajawahi kuona koo kama hili, nafasi ni yangu, nimwonyeshe ule mchoro wa kwanza tena. Nikarudi kwenye mchoro.

Jumamosi, 15 Machi

Mimi ndiye kiongozi wa mradi! Nimekaa kwenye kiti kipya kinachozunguka. Nimezunguka.

Mama aliondoka jana jioni. Dada Kipimo ndiye aliyempeleka kituoni, na amesema atampeleka pia kwa daktari wa macho. Anajipendekeza, lakini sasa amechelewa. Leo ameondoa vitu vyake mezani. Kabla ya kutoka aliweka kile kitambaa safi juu ya mtambo wangu, kikiwa kimekunjwa. Nimefutia kiti.

Profesa hajaja. Fundi anafanya kazi zake upande ule mwingine na hapiti tena nyuma ya ubao.

Mchana simu ya ukutani ililia. Koo lilisema "haloo" kabla sijafika. Nikaunyanyua mkono wa simu nikaushikilia hapo, nifanyeje, na nikasikiliza. Mama alifika salama. Anashukuru. Maneno yangu yalikuwa matamu, anasema, usiku hakulala kwa kuyarudia. Ila kuna jambo lililomkaa moyoni. Alitafuta mikono yangu pale nyuma ya ubao asiione. Alipapasa kote. Mtoto unamwendea safari yote hiyo, anasema, halafu asikushike hata mkono? Akauliza kama kuna jambo lililomuudhi mwanawe.

Koo likanyamaza. Mara ya kwanza halikuwa na jibu. Mimi nilisimama pale nimeishika simu kwa mikono yote miwili mpaka vidole vikafa ganzi.

Lakini kila tatizo lina ufumbuzi, na sasa naongoza mradi, vifaa vyote viko chini yangu. Nimeshaandika barua kuomba zamu ya kwanza kwenye mashine ya picha, Jumatatu asubuhi. Mikono yote miwili, mpaka viwiko. Silikoni ipo ya kutosha. Mama akija tena atashikwa mkono vizuri, na mimi nitakuwa na nafasi ya kufanya kazi.